Biblia ni Ileile, Mbona Hatuelewani?

Barua kuhusu Biblia na madhehebu zimekuwa nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha, na zilizokuwa za matusi tumeziweka kando. Mistari tunayonukuu ni ya Union Version ya 1952.

SWALI: Shikamooni wahariri. Nipo kidato cha sita, Singida. Bwenini kwetu tupo Wakatoliki, Walutheri, Wasabato na walokole. Kila usiku ni ubishi, na kila mtu ana mstari wake. Kama Roho Mtakatifu ni mmoja na Biblia ni moja, nani kati yetu hasomi vizuri?

JIBU: Marahaba, mwanetu. Huenda wote mnasoma vizuri. Ubishi wenu umeanza kabla Biblia haijafunguliwa, kwa sababu kila mmoja amekuja bwenini na majibu ya maswali manne ambayo hamjawahi kuulizana. Vitabu vipi ndivyo Biblia? Nani mwenye neno la mwisho maana ikigombaniwa? Mstari upi umfafanue mwenzake? Na agizo lipi ni la watu wote, lipi lilikuwa la watu wale wa wakati ule?

La pili ndilo zito. Mkatoliki amefundishwa kwamba Maandiko na Mapokeo (mafundisho yaliyopokezanwa tangu mitume) vinakwenda pamoja, na kwamba kazi ya kutoa tafsiri rasmi imekabidhiwa maaskofu wakiwa na Papa. Mtaguso (yaani mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano ulilisema hilo upya katika hati ya Dei Verbum, Novemba 1965. Mwothodoksi anatazama mitaguso saba mikuu, kuanzia ule wa Nikea wa 325 hadi wa 787, pamoja na mababa wa Kanisa. Mlutheri anasema Maandiko peke yake ndiyo hakimu, lakini mkononi ana tamko la imani liitwalo Ungamo la Augsburg, la 1530, na Katekisimu ya Luther. Mpentekoste hana maungamo mengi ya kuandikwa; uzito anaupa uongozi wa Roho na mahubiri ya mchungaji wake. Kwa hiyo anayewaambia "mimi nafuata Biblia tu" naye ana miwani. Hajui tu nani alimvalisha.

Chukueni mfano mmoja mkaufanyie kazi. Warumi 3:28: "mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria." Yakobo 2:24: "mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake; si kwa imani peke yake." Luther alianzia kwa Paulo, na mwaka 1522 akauita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu. Katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, maaskofu Wakatoliki wakakataa kumtenga Yakobo na Paulo. Watu walifukuzana na kuuana kwa jambo hili. Kisha tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Kilutheri Duniani walitia saini Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki. Wamethodisti wakajiunga 2006, makanisa ya Kireformati 2017. Wako Walutheri walioligomea, na bado wanaligomea. Kilichosaidia wale waliokubaliana ni kuacha kurushiana mistari na kuulizana kila mwandishi alikuwa anapambana na nani. Paulo anawajibu wanaotaka kuhesabiwa haki kwa kuishika sheria. Yakobo anawajibu watu wenye imani ya mdomoni, ile ambayo hata mashetani wanayo (2:19).

Usiku wa leo, kabla mtu hajataja mstari, mwulizeni: tunabishania swali lipi kati ya yale manne? Ubishi mwingi utafia hapo, na utakaobaki utakuwa wa maana.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki wa Moshi, mume wangu ni Mlutheri. Yeye naye anaamini Kristo yumo kweli katika Chakula cha Bwana. Mbona basi haruhusiwi kukomunika kwetu? Na watoto tutawafanyaje?

JIBU: Milele na milele, amina. Dada, umeliona jambo ambalo wengi hawalijui: Mlutheri hasemi mkate ni ishara tu. Anakiri kwamba mwili na damu ya Kristo vimo ndani ya mkate na divai, pamoja navyo na chini yake. Aliyesema ni ishara ni Zwingli, kiongozi wa Waprotestanti wa Zurich. Oktoba 1529 mtawala Philip wa Hesse aliwakutanisha yeye na Luther kule Marburg, akitaka Waprotestanti wawe kitu kimoja. Luther aliandika mezani kwa chaki, kwa Kilatini, "huu ndio mwili wangu," na hakubanduka hapo. Zwingli alianzia Yohana 6:63, "Roho ndiyo itiayo uzima, mwili haufai kitu," akaitumia kuifungua Mathayo 26:26. Luther akajibu kwamba Yohana 6 haizungumzii kabisa Meza ya Bwana. Wakatoliki wao wanasema Yohana 6 inaizungumzia, tena mistari ya 51 hadi 58 ichukuliwe kama ilivyosemwa. Tazama: sura mbili tu za Biblia, wasomaji wa aina tatu, na tofauti yote inatokana na kujua uanze na ipi na uisome na nini. Marburg walikubaliana hoja 14 kati ya 15. Hiyo moja iliyobaki iliwatenganisha kwa karne nyingi.

Kati yako na mumeo, basi, tatizo haliko kwenye swali la kama Kristo yupo. Kanisa Katoliki linafundisha mageuzo, kama Mtaguso wa Trento ulivyotamka 1551: baada ya maneno ya kuweka wakfu hakuna tena mkate wala divai, yamebaki maumbo tu. Ndiyo maana hostia (mkate uliowekwa wakfu) hutunzwa kanisani katika kisanduku kiitwacho tabernakulo na kuabudiwa. Mlutheri anasema mkate umebaki mkate, na Kristo yumo. Lakini kinachomfungia mlango hasa ni daraja takatifu, yaani upadri. Kwa Wakatoliki Ekaristi humtaka padri aliyewekwa na askofu wa urithi wa mitume, na kukomunika ni kutangaza kwamba mpo katika kanisa moja kikamilifu. Kanuni ya 844 ya Sheria ya Kanisa inaacha nafasi kwa Mprotestanti aliye katika hatari ya kufa au haja nzito kwa maamuzi ya askofu, na masharti yake ni haya: hawezi kumfikia mchungaji wake, ameomba mwenyewe, ana imani ya Kikatoliki kuhusu sakramenti hiyo, na amejiandaa ipasavyo. Kuwa mume wa Mkatoliki, peke yake, hakutoshi.

Kuhusu watoto, kanuni ya 1125 inakutaka wewe uahidi kufanya yote yaliyo katika uwezo wako ili wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mumeo anajulishwa ahadi yako; yeye haahidi kitu, na hatakiwi kuhama kanisa. Tunasisitiza hili kwa sababu familia nyingi huingia kwenye ugomvi mkubwa kwa kudhani sheria inadai ahame. Ubatizo wake unatambuliwa. Na neno "uwezo wako" lina maana yake: mume naye ana dhamiri na kanisa lake lina matarajio yake, kwa hiyo kaeni wawili na padri, kisha wawili na mchungaji, kabla mtoto hajazaliwa.

SWALI: Mimi ni Msabato wa Musoma. Kila nikimwonyesha rafiki yangu Mkatoliki kwamba amri ya nne ni Sabato, ananijibu kwamba amri ya nne ni kuwaheshimu baba na mama. Ananidhihaki?

JIBU: Sabato njema, ndugu. Hakudhihaki. Kutoka 20 haina namba za amri. Watu ndio waliozihesabu. Wakatoliki na Walutheri wanafuata hesabu ya Augustino: kuabudu miungu mingine na kuchonga sanamu ni amri moja, na kutamani kunagawanywa mara mbili mwishoni. Kwao Sabato ni ya tatu. Waanglikana, Wareformati, Waothodoksi na Wasabato wanaitenga amri ya sanamu iwe ya pili, hivyo Sabato inaangukia ya nne. Maneno ni yaleyale na jumla ni kumi kwa wote.

Sasa hoja yenyewe. Usidhani wanaosali Jumapili wana sababu moja. Mkatoliki anasema Kanisa limepewa mamlaka ya kuiadhimisha siku ya ufufuko. Mpresbiteri wa jadi, kwa Ungamo la Westminster la 1646, anasema Sabato ipo na bado inatubana, ila imehamia siku ya kwanza ya juma. Mlutheri anasema Agano Jipya halijafunga siku yoyote. Jumapili ni utaratibu mzuri wa kanisa. Ukimjibu Mlutheri kwa hoja za kumjibu Mpresbiteri, hamtakutana.

Mistari inayogombaniwa ni michache. Matendo 20:7 inasema walikutana "siku ya kwanza ya juma" kumega mkate. (Msomaji wa Kiswahili ajihadhari hapa: hesabu ya siku ni ya Kiyahudi, kwa hiyo siku ya kwanza ni Jumapili yetu, ingawa jina la Jumamosi linaonekana kusema vingine.) Wasabato wanajibu kwamba kwa Wayahudi siku huanza jua likizama, hivyo ule ulikuwa usiku wa Jumamosi, tena ni masimulizi ya kikao cha kumuaga Paulo, si agizo. Ni jibu zuri. Wakolosai 2:16, "mtu asiwahukumu ninyi katika vyakula au vinywaji, au kwa sababu ya sikukuu au mwandamo wa mwezi, au sabato," Wasabato wanaiona kuwa ni sabato za sikukuu za mwaka, zile za Walawi 23, kwa sababu mstari wa 17 unaziita kivuli, na Sabato ya juma ilikuwapo tangu uumbaji. Wenzao wanaonyesha kwamba utaratibu huo wa sikukuu, mwandamo wa mwezi na sabato unatokea pia Ezekieli 45:17 na 1 Nyakati 23:31, ambako Sabato ya kila juma imo. Hapo, kwa maoni yetu, wenzao wana nguvu zaidi.

Zipo hoja mbili tungeomba zipumzishwe. Moja ni ile ya kwamba Jumapili ilizuliwa na Konstantino, kaisari wa Rumi. Amri yake ya 321 ilihusu mapumziko ya kazi. Yustino, Mkristo aliyeuawa kwa imani yake, katikati ya karne ya 2, tayari anaeleza Wakristo wakikusanyika siku hiyo, wakisoma na kumega mkate. Nyingine ni ya upande wa pili, kwamba Yesu aliagiza Sabato ihamie Jumapili. Mstari huo haupo.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nilibatizwa nikiwa mchanga kwa Waanglikana. Kanisa ninalosali sasa hapa Kahama linanitaka nibatizwe kwa maji mengi. Mama analia, anasema huko ni kumdharau Mungu na yeye mwenyewe. Maandiko yanasemaje?

JIBU: Amina. Pole na machozi ya mama. Unachokiita swali la maji mengi ni magomvi matatu yaliyofungwa pamoja. Tuyafungue.

Gomvi la kwanza ni kiasi cha maji. Wanaozamisha wana Yohana 3:23 (Yohana alibatiza Ainoni kwa kuwa palikuwa na maji tele) na Warumi 6:4, kuzikwa pamoja na Kristo. Hoja yao ni nzito, na makanisa ya kumimina huikubali kuliko watu wanavyodhani: Sheria ya Kanisa Katoliki inaruhusu kuzamisha au kumimina. Mwongozo wa kale uitwao Didake, wa mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa ya 2, unaagiza maji yatiririkayo. Yakikosekana, maji mengine, ya baridi au hata ya moto. Yote yakikosekana, mimina kichwani mara tatu. Basi kuzamisha kulipendelewa tangu mwanzo, na kumimina kulikubalika tangu mwanzo.

La pili ni umri, na hili halihusiani na la kwanza. Waothodoksi huzamisha mara tatu, na wanaowazamisha ni watoto wachanga. Wanaotaka mtu aamini kwanza hushika Marko 16:16, "Aaminiye na kubatizwa ataokoka," na utaratibu wa Matendo: kuhubiri, kuamini, kubatizwa. Wanaobatiza watoto hushika Matendo 2:39, "ahadi hii ni kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu," na Wakolosai 2:11-12, ambapo Paulo anauweka ubatizo karibu na tohara, iliyofanywa siku ya nane. Halafu wanataja nyumba nzima zilizobatizwa: Lidia, mlinzi wa gereza la Filipi, Stefana. Jihadhari na hoja ya nyumba kutoka pande zote mbili. Hakuna mstari unaosema mlikuwa na mtoto mchanga, na hakuna unaosema hamkuwa naye. Aliyeijenga imani yake yote juu ya nyumba ya Lidia amejenga juu ya kitu ambacho Luka hakukiandika. Mgawanyiko wenyewe ulipasuka Zurich tarehe 21 Januari 1525, wanafunzi wa Zwingli walipombatiza mtu mzima aliyekwisha kubatizwa utotoni. Hapo ndipo lilipotoka jina la "wabatizao upya," ambalo wenyewe walilikataa: walisema ule wa kwanza haukuwa ubatizo.

Hapo ndipo mama yako analia. Kanisa lako jipya halioni kuwa linakubatiza mara ya pili, mama anaona hivyo, kwa sababu ya Waefeso 4:5, "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja." Wote wanaukubali mstari huo. Wanatofautiana juu ya siku gani uliupata.

La tatu ni jina, nalo ulizia kabla hujaingia majini. Makanisa mengi, yakiwemo ya Kipentekoste, hubatiza kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu (Mathayo 28:19). Wako Wapentekoste, tangu miaka ya 1910 kule Marekani, wanaobatiza kwa jina la Yesu peke yake kwa kufuata Matendo 2:38, na wengi wao hawakiri Utatu. Siku ukitaka kufunga ndoa au kurudi kanisa la zamani, padri au mchungaji hatauliza maji yalifika wapi. Atauliza maneno gani yalitamkwa. Chukua cheti kilichoyaandika.

Ushauri wetu: usibatizwe kwa sababu ya kupewa huduma ya uimbaji au ushirika wa Meza. Soma Matendo yote na Warumi 6, mwulize mchungaji wa zamani na huyu mpya swali lilelile, kila mmoja peke yake, kisha umwambie mama uamuzi wako kabla hajausikia kwa jirani.

SWALI: Biblia ya shangazi ina Tobiti na Wamakabayo, yangu haina. Nani aliongeza, nani alipunguza? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Wakatoliki wana vitabu 73, Waprotestanti 66, na Kanisa la Othodoksi la Ethiopia huhesabu 81, Henoko akiwemo. Vile saba vinavyokosekana kwako ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili. Danieli na Esta nao ni warefu zaidi kwa shangazi. Vilikuwamo katika Agano la Kale la Kigiriki lililosomwa na Wakristo wa kwanza, na havimo katika orodha ya Kiebrania ya Wayahudi. Hieronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alivitilia shaka, Augustino alivipokea. Luther hakuvitupa: Biblia yake ya 1534 inavyo, amevitenga katikati ya maagano mawili kama vitabu vyema kusomwa lakini si vya kuthibitishia mafundisho. Mtaguso wa Trento ukavitangaza rasmi Aprili 1546. Kutoweka kabisa kwenye Biblia nyingi za Kiprotestanti ni habari ya miaka ya 1820, Chama cha Biblia cha Uingereza kilipoamua kutovichapa.

Ugomvi wa vitendo uko 2 Wamakabayo 12:43-46, Yuda Mmakabayo anapochanga fedha zipelekwe Yerusalemu kwa ajili ya dhambi za askari waliokufa. Ukiwa nacho, kuwaombea marehemu kuna andiko. Ukiwa huna, unabaki na mapokeo. Tafsiri iitwayo Biblia Habari Njema inapatikana katika chapa zote mbili, yenye vitabu hivyo na isiyo navyo. Tazama orodha ya ndani kabla ya kulipa.

SWALI: Katika msiba mmoja huku Kisii mchungaji wa kwanza alisema marehemu yuko peponi tayari, wa pili akasema amelala hajui lolote. Wote wakasoma Luka 23:43! Inawezekanaje?

JIBU: Ni mkato mmoja. "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Hati za kale za Kigiriki ziliandikwa herufi zikifuatana bila nafasi na bila utaratibu wa alama za vituo, namba za mistari tunazozizoea ni za mchapishaji Robert Estienne, 1551. Wasabato, na pia Mashahidi wa Yehova, huweka mkato baada ya "leo": nakuambia leo, utakuwa pamoja nami. Wanaunga mkono kwa Mhubiri 9:5, "wafu hawajui neno lolote," na Yohana 20:17, ambapo siku ya ufufuko Yesu anasema hajapaa bado. Wanataja pia Kumbukumbu la Torati 8:19 na 30:18, Musa anaposema nawashuhudia leo.

Walio wengi huweka mkato kabla ya "leo." Sababu yao bora ni mtindo wa Luka: kila Yesu anapofungua kwa "Amin, nakuambia," ujumbe huanza papo hapo, na "leo" kwa Luka ni neno la wokovu kufika (2:11, 4:21, 19:9). Huongeza Wafilipi 1:23. Kwa sarufi tupu usomaji wote wawili unawezekana; kwa mtindo wa Luka, wa walio wengi umekaa vizuri zaidi. Lakini fundisho la hali ya wafu halipaswi kuning'inia kwenye mkato, na wanaolifahamu vizuri, kila upande, hawalininginizi hapo.

SWALI: Baba yangu ana wake watatu. Ameokoka uzeeni na anataka ubatizo. Kanisa moja linasema aachane na wawili, jingine linasema aje kama alivyo. (Msomaji, Siaya)

JIBU: Hili ni la nne kati ya yale maswali manne ya barua ya kwanza: agizo, masimulizi, au utaratibu wa muda? Yakobo mwana wa Isaka na mfalme Daudi walikuwa na wake wengi, na Kutoka 21:10 inamlinda mke wa kwanza pale mume anapooa mwingine. Hayo ni masimulizi na kanuni za kudhibiti. Hayasemi nenda ukaoe. Upande wa pili, Mwanzo 2:24 na maneno ya Yesu katika Mathayo 19 ni msingi wa mume mmoja na mke mmoja, ila Yesu hapo anajibu swali la talaka. Na ndipo mgongano unapokaza: kumwambia mzee awafukuze wake wawili ni kumwagiza talaka.

Waanglikana wamepita njia zote mbili. Mkutano wa Lambeth, wa maaskofu wao wa dunia nzima, ule wa 1888, ulikataza kumbatiza mwanamume mwenye wake wengi. Ule wa 1988 ukaruhusu abatizwe pamoja na wake na watoto walioamini, akiahidi kutooa tena maadamu mmoja wa wake zake yu hai, jumuiya ya waumini wa hapo ikiafiki, bila kulazimishwa kumwacha mke kutokana na dhiki itakayompata mama huyo. Kanisa Katoliki, kanuni ya 1148, linamtaka abaki na mmoja, na askofu ahakikishe wanaoachwa wanatunzwa. Uongozi wa kanisa ni jambo jingine: 1 Timotheo 3:2, "mume wa mke mmoja," humzuia kuwa mzee wa kanisa hata pale alipobatizwa.

Kabla ya kuchagua kanisa, kaeni na mama zenu wote watatu. Katika barua yako hukutuambia wao wanataka nini.

SWALI: Mtaani kwetu Mbeya tunataka kuanza kikundi cha kusoma Biblia: Wamoravian, Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste. Vikundi viwili vya awali vilivunjika ndani ya miezi michache. Tufanyeje?

JIBU: Tungebashiri vilianza na Ufunuo au Danieli. Msianze huko. Anzeni na Injili ya Marko: ni fupi, ipo kwa wote, na inakwenda mbio. Chukueni mistari 10 hadi 15 kwa kikao, dakika 75 zisizidi, watu wasiozidi 12.

Someni kifungu mara mbili kwa sauti, kwanza Union Version, kisha Habari Njema. Nusu saa ya kwanza ni marufuku kutoka nje ya kifungu. Kanuni hii ndiyo itakayowaokoa, na ndiyo itakayovunjwa kwanza, kwa kuwa mtu akibanwa hukimbilia mstari wa kitabu kingine. Mkishafika vitabu vitatu hakuna tena anayesoma kitu. Katika nusu saa hiyo jibuni nani anasema, anamwambia nani, nini kilitangulia, na kama ni agizo, mfano au tukio.

Baada ya hapo, dakika 25 za makanisa. Mkatoliki aeleze Wakatoliki wanavyoelewa, Mmoravian vivyo hivyo. Hakuna ruhusa ya kulisemea kanisa la mwenzako, hata kama ulitoka huko. Waliohama huwa wakali kuliko wote na picha yao huwa ya zamani. Tofauti ikijitokeza, iandikeni daftarini kwa sentensi ambayo pande zote mbili zinakiri kuwa ndiyo msimamo wao. Hapa subira inahitajika, maana sentensi moja inaweza kula dakika kumi.

Dakika zilizobaki ni za sala, na sala imevunja vikundi kuliko mafundisho. Kubalianeni mwanzoni: mtu mmoja aombe, kwa zamu, kwa mtindo wa kanisa lake, wengine watulie. Mkatoliki akifanya ishara ya msalaba asichekwe. Kuomba wote kwa sauti na kunena kwa lugha kubaki nyumbani, kwa sababu nusu ya kikundi itaona inalazimishwa. Sadaka msichange kabisa. Mjulisheni padri na wachungaji kwa maandishi kabla ya kikao cha kwanza, wasije wakadhani mnafungua kanisa.

Mwenyekiti awe wa zamu pia, na kazi yake ni saa na kanuni. Akitaka kufundisha, ampishe mwingine kiti. Yohana 6, Waebrania 6 na 1 Wakorintho 14 ziacheni mpaka mmemaliza angalau kitabu kimoja salama.

Mkifika Marko 16:8, simameni. Hati mbili kongwe za karne ya 4, Sinaitiko na Vatikano, zinaishia hapo. Mistari ya 9 hadi 20, yenye lugha mpya, nyoka na kuweka mikono wagonjwa, haimo. Wengine watashtuka, na Wapentekoste wenu wana haki ya kujua mapema kwamba hakuna anayewawinda. Tengeni kikao kizima, na mwenye Biblia yenye tanbihi aisome tanbihi kwanza, ndipo mistari.